Mvumo wa Landrova ya Isikilo

Zahanati ya Isikilo,
kupitia Stesheni ya Igalula
4 Septemba 1974

Baba Salmini,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine umfikishie Mama Bimdogo. Huku sisi wazima, ila vumbi limetumaliza.

Nakuandikia wewe kwa sababu ulifanya kazi na marehemu baba chini ya paa moja tangu sijazaliwa, na kwa sababu sina mwingine wa kumwuliza. Jeshi la Kujenga Taifa lilinifundisha kuendesha vizuri. Kutengeneza lilinifundisha nusu. Sasa Landrova ya zahanati, ile niliyopita nayo karakanani kwako mwezi wa Mei ukaipigapiga boneti kama unamtuliza punda, inalia.

Nikikaza mwendo kwenye njia ya zamani ya misafara, pale palipo sawa, inavuma kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Nikiachia klachi niondoke, kuna kitu kinagonga chini, ngo! Na juzi nilipoweka fowili ili magurudumu yote manne yavute, gari likawa gumu kama limefungwa kamba, likaguna, na kishikio kikakataa kurudi mpaka niliporudi nyuma kidogo.

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Ndugu Lugembe, amesema mbele ya watu kwamba gari linakufa kwa sababu limekabidhiwa mwanamke. Wala hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu anavyosema jua ni kali. Anataka kuwaandikia wilayani waje walichukue. Wakilichukua halirudi, unawajua.

Watu wamehamishiwa hapa mwaka huu kutoka kila upande, na Nesi Apolinaria anasema hajapata kuona kijiji chenye wajawazito wengi namna hii. Kati yetu na Igalula kuna mbuga ya udongo mweusi. Mvua ikinyesha, anayezidiwa atavuka kwa gari au hatavuka.

Njoo ulisikilize. Treni unaijua, nami nitakupokea stesheni.

Mwanao,
Mwanajuma Shomari


Karakana ya Salmini Hamdun,
Tabora
11 Septemba 1974

Mwanangu Mwanajuma,

Marahaba. Bimdogo anakusalimu, anauliza unakula nini huko.

Kuja siwezi kwa sasa, kazi zimenibana. Lakini tutalitibu. Jambo la kwanza, usifungue kitu. Kuna mafundi wakisikia kelele tu wanashika spana, mwisho gari lina ugonjwa wa zamani na mpya juu yake.

Umeniandikia sauti tatu kwa pumzi moja, kama vile ni ugonjwa mmoja. Zitenganishe. Tafuta mahali sawa pasipo na watu, ulikimbize mpaka livume, kisha toa gia, liache litembee lenyewe. Mvumo ukikatika, mgonjwa yuko kwenye injini au giaboksi. Ukiendelea, unafuata magurudumu. Rudia tena ukiwa ndani ya gia: kanyaga mafuta, achia, kanyaga, achia. Mvumo unaotii mguu wako ni wa meno yanayosagana. Usiotii mguu ila unabadilika ukikata kona, huo ni wa beringi ya gurudumu. Usijibu unachodhani. Jibu ulichosikia.

Na hiyo fowili uliiweka wapi, kwenye tope au kwenye ukavu? Hilo ndilo nalitaka kabla ya yote.

Mwambie mwenyekiti wako kwamba chuma hakijui nani ameshika usukani.

Wasalaam,
Salmini Hamdun


Isikilo
20 Septemba 1974

Baba Salmini,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwenu.

Nimefanya ulivyosema, na sikuwa peke yangu. Apolinaria alilala kifudifudi nyuma, akaweka sakafuni kile kipembe chake cha mbao anachosikilizia watoto tumboni, sikio juu yake, nami naendesha. Watu waliotuona wamesimulia kijiji kizima kwamba nesi anapima mimba ya Landrova.

Nikitoa gia, mvumo haukatiki ila unakuwa mdogo. Nikirudisha gia na kukanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Kona kushoto, kona kulia, hakuna tofauti. Apolinaria anaapa kwamba sauti iko nyuma, chini ya tumbo lake, katikati ya magurudumu. Ule mlio wa ngo! uko palepale kila ninapoondoka.

Fowili niliiweka kwenye ukavu, barabarani. Tope litoke wapi mwezi wa tisa? Nilitaka kujaribu tu kabla ya mvua.

Baba, njoo hata kwa siku moja. Panda treni, sikiliza, rudi na inayofuata. Maneno haya ninayoandika ni kama kukuelezea harufu.

Mwanao,
Mwanajuma


Tabora
28 Septemba 1974

Mwanangu,

Marahaba. Huyo nesi ana akili, mtunze.

Kazi bado zimenibana. Sikiliza kwa makini. Fowili yako haina ugonjwa. Ukiiweka, mbele na nyuma zinafungwa pamoja zizunguke sawasawa. Lakini kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope yatateleza kidogo, yasameheane. Kwenye ukavu hayasameheani, chuma ndicho kinajikunja kama kitambaa unachokikamua. Ndiyo maana liliguna, na ndiyo maana kishikio kililegea uliporudi nyuma. Usiweke tena fowili kwenye ardhi kavu.

Hata hivyo gari kukaza kiasi ulichosema, kwenye njia iliyonyooka, kunanitia shaka. Chukua kamba, zungushia tairi la mbele, halafu la nyuma. Uniambie kama yanalingana.

Kisha weka mawe kwenye magurudumu, zima injini, ingia chini. Shika propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma, uusokote kwa mikono miwili kila ncha. Pale kwenye msalaba, kiungo kinachopinda, pasicheze. Pakicheza, ngo yako iko hapo. Ya mbele nayo uifanye vivyo hivyo.

Mvumo tutauacha wa mwisho, kwa kuwa ndio mkubwa.

Salmini Hamdun


Isikilo
9 Oktoba 1974

Baba Salmini,

Shikamoo.

Matairi hayalingani. Ya nyuma yamezidi kwa upana wa kiganja. Ndugu Lugembe aliyapata mwezi wa saba kwa dereva wa lori la tumbaku, akahangaika sana kuyapata, akayafunga mwenyewe kwa furaha. Nilimfuata shambani.

"Ndugu Mwenyekiti, yale matairi ni mazuri ila si ya gari hili."

"Mapya ndiyo mabaya, makuukuu ndiyo mazuri?"

"Ni kama kumvalisha mtu kiatu chenye kisigino mguu mmoja, halafu umwambie akimbie."

Aliumia, niliona. Lakini jioni ile ile alikuja na matairi ya zamani. Moja lilikuwa kwenye mdomo wa kisima, jingine watoto walikuwa wanalisukuma. Tumeyafunga. Nimejaribu fowili kwenye mchanga wa mtoni, imeingia na kutoka kama kisu kwenye siagi ya ng'ombe.

Msalaba wa propela ya nyuma unacheza, mkavu, hauna grisi hata kidogo. Wa mbele mzima. Naomba uniletee mpya.

Sasa jambo jingine, na unisamehe nikilisema vibaya kwa kuwa nimefunga na jua linachoma. Dereva Marko wa lori la chumvi alipita hapa. Nilimwuliza habari zako. Akasema karakana yako alikuta imefungwa mchana wa siku ya kazi, nawe umekaa barazani kwako, umeegemea mto, unatazama njia. Kila mara alipopita, hivyo hivyo. Kazi gani basi inayokubana?

Kama hutaki kuonekana unahangaika na gari la dereva mwanamke, niambie. Nimekwisha kuambiwa na wengi, sitakufa. Lakini usinidanganye. Baba angekuwa hai angekuja hata kwa miguu.

Mwanajuma


Tabora, mtaa wa Ng'ambo
18 Oktoba 1974

Mwanangu Mwanajuma,

Huu ni mwandiko uleule ulioupokea tangu Septemba, ila safari hii maneno ni yangu mimi, Bimdogo. Barua zote ni mkono wangu. Yeye anasema, mimi naandika.

Mwezi wa saba, alfajiri, alikuwa anatia udhu, akaanguka. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikafa ganzi. Mdomo ulipinda, sasa umerudi kidogo. Hospitali walisema kiharusi. Anaweza kukaa. Kusimama anasimama akinishika. Spana hajashika tena.

Hakutaka ujue, wala hakutaka mtu wa nje ajue. Wanangu wawili walio Maskati wanatuandikia twende huko, wanasema tunangoja nini. Yeye anasema akitangaza kwamba hawezi kazi, basi atakuwa amekwisha kukubali kwenda. Ndiyo maana anakaa barazani amevaa ovaroli safi, anayepita adhani amepumzika tu.

Nilipomsomea barua yako, ile sehemu ya Marko niliiruka. Akasema, "Umeruka." Miaka yote hii, sijui anajuaje. Nikamsomea. Hakukasirika. Adhana ilipolia tukafuturu, halafu akasema, "Mtumie msalaba."

Uko ndani ya kifurushi hiki. Ulikuwa kwenye kabati lake la akiba.

Nikuambie na hili. Kabla ya barua yako ya kwanza alikuwa hali mpaka nimlazimishe. Siku hizi akisikia filimbi ya treni ya kutoka Igalula ananiuliza kama nimepita posta. Usimwonee huruma, atajua, na ataacha kula tena. Mwulize maswali magumu.

Idd Mubarak.

Mama yako,
Bimdogo


Isikilo
27 Oktoba 1974

Baba Salmini na Mama Bimdogo,

Shikamoo nyote wawili. Nimeisoma barua mara nyingi. Nisamehe, Baba. Sitaliandika tena.

Msalaba umeingia. Nilipambana nao siku mbili, kikombe kimoja cha beringi yake kilikuwa kimeoza ndani, nikakitoa kwa nyundo na maneno ambayo JKT walinifundisha. Ngo imekufa. Gari linaondoka kimya kama paka.

Lakini mvumo umekua. Sasa hauvumi tu, unasaga. Nimemwaga oili ya difu ya nyuma, lile tumbo la chuma lenye meno katikati ya magurudumu, kwenye beseni jeupe, ikang'aa kama imetiwa unga wa fedha, na chini palibaki vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole. Nimetia oili mpya. Je, ni meno au ni beringi? Litanifikisha wapi? Likivunjika katikati ya mbuga nifanye nini? Sitaki jibu la kunituliza.

Jana palikuwa na mkutano wa kijiji. Nilisimama nikasema gari hili tangu leo halibebi magogo, halibebi tumbaku, halibebi matofali, linabeba wagonjwa. Difu imekufa kwa mizigo. Watu waliguna. Ndugu Lugembe akasema, "Magogo tutabeba begani. Barua ya wilayani sijaituma. Nitangoja mvua moja, nione."

Mvua moja. Nami sina zaidi ya hiyo.

Mwanao,
Mwanajuma


Tabora
5 Novemba 1974

Mwanangu,

Marahaba. Umeuliza kama fundi, nitakujibu kama fundi.

Ni beringi iliyolegea kwanza, ikayaacha meno yasagane vibaya. Huwezi kulitengeneza huko, wala mimi nisingeliweza. Linataka difu nyingine nzima. Nimewatuma watu Nzega na kwa kila anayemiliki mkweche hapa mjini. Itapatikana, ila sijui lini. Mpaka siku hiyo endesha polepole, usishtue klachi.

Litavunjika lini, sijui. Likivunjika, bado una gari. Fowili yako nzima, propela ya mbele nzima. Utaivua nyuma, uvutwe na mbele.

Fanya hivi. Kwenye gurudumu la nyuma, katikati ya habu, yaani kitovu chake, fungua bolti za kile kifuniko, uvute. Ekseli, ile fimbo inayozungusha gurudumu, itatoka yote kama upanga kwenye ala. Ikiwa imekatika, kitatoka kipande, basi. Gurudumu halitaanguka, limeshikwa na beringi zake. Fanya upande wa pili pia. Kisha ingia chini, fungua propela ya nyuma, itupe ndani ya gari. Sasa difu iliyovunjika haisokotwi na chochote. Weka fowili, ondoka. Mbele itavuta peke yake.

Usingoje siku yenyewe. Lifanye sasa kwenye ukavu, ufungue na kufunga, mpaka mikono ijue bila kuuliza kichwa. Zile bolti zilizoshika kutu uzijue leo, si siku ya mvua.

Mimi nilifundishwa hili na baba yako Shomari, njia ya Sikonge, kabla hujazaliwa.

Salmini Hamdun

(Mstari huu ni mimi mwenyewe, mkono wa kushoto. Usicheke. S.)


Stesheni ya Igalula
3 Desemba 1974

Baba Salmini,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa kwenye ngazi ya gari, chini ya paa la bohari ya mizigo. Limevunjika.

Mvua ilianza Ijumaa, ikanyesha siku mbili bila kupumzika. Jumapili asubuhi Apolinaria alinijia. Yuko Masika, binti aliyehamishwa kutoka ng'ambo ya mto, mumewe yuko kwenye kambi ya kujenga barabara. Uchungu ulimshika tangu jana yake, na mtoto alikuwa ametanguliza mkono. "Hapa hazaliwi," Apolinaria akasema. "Anataka kisu cha daktari."

Tukamlaza nyuma. Ndugu Lugembe akapanda, akasema mwenyekiti haachi mtu wake aende peke yake. Niliweka fowili tukaingia mbuga. Maji yalifika kwenye rimu. Nilikwenda pole, gia ndogo, silitikisi. Tulikuwa tumepita nusu nikasikia paa! nyuma, kama mtu amepiga bati kwa rungu, na gari likasimama palepale. Magurudumu ya nyuma yamekwama kabisa, hayaendi mbele wala nyuma.

Masika alikuwa ameacha kulia. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Ndugu Lugembe akaruka chini, akaniita mama kwa Kinyamwezi. "Mayu, hili limekwisha. Nakimbia kijijini niite vijana waje na machela."

Nikamwambia, "Mpaka uende na kurudi atakuwa amekufa. Nishikie spana."

Akasimama ananitazama. Nikasema tena, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Ndugu Mwenyekiti, nishikie spana!" Akashika.

Bolti zote nilikuwa nazijua. Nilizifungua na kuzifunga mwezi mzima, nimezipaka grisi moja moja. Ekseli ya kushoto ilitoka nzima. Ya kulia ilitoka kipande, kimekatika kama muwa. Apolinaria akanitupia khanga yake, tukaichana, tukaziba habu zote mbili tope lisiingie. Kisha nikalala majini, nikaingia chini. Propela ndiyo iliyonitesa. Nati moja ilikuwa chini ya maji, naitafuta kwa vidole, sioni kitu, nasikia tu Lugembe juu anasema kwa Kinyamwezi maneno ya kumtia moyo Masika, sauti nyororo ambayo sijapata kumsikia nayo. Nati ikaachia. Nikaweka fowili, nikaachia klachi kwa woga zaidi kuliko siku ya mtihani.

Likatembea, Baba. Likavutwa na mbele kama ng'ombe anayeburutwa kwa pembe, lakini likatembea.

Tulipofika kwenye ukingo wa kutokea mbuga, lilikataa. Ule mwinuko unaujua, mwekundu, na ulikuwa umelowa kama sabuni. Magurudumu ya mbele yanazunguka bure, pua imeinuka, uzito wote umekwenda nyuma. Nikajaribu, likateleza. Nikajaribu tena, tukashuka upande. Hili hukuniandikia. Nilikaa nimeshika usukani nikawaza: uzito uko nyuma, nguvu iko mbele. Basi pua iwe chini na mkia uwe juu, uzito uje kwenye magurudumu yanayovuta. Nikaligeuza palepale kwenye tope, nikaweka gia ya kurudi nyuma, nikaupanda ukingo kinyumenyume. Ndugu Lugembe anatembea juu huku akinielekeza kwa mikono, anapiga kelele, "Njoo! Njoo! Kushoto, mayu, njoo!" Likapanda mpaka juu.

Hapa stesheni kulikuwa na treni ya mizigo inaelekea Tabora. Gadi hakuuliza karatasi. Alimtazama Masika, akafungua behewa lake, wakaondoka na Apolinaria.

Leo Apolinaria amerudi na treni ya asubuhi. Masika amepasuliwa, yu hai. Mtoto, wa kiume, alitolewa amekwisha kufa.

Nilikaa chini. Nilimwambia, "Ningekuwa na difu nzima tungewahi." Akanishika mkono. "Mwanajuma, nilimsikiliza kwa kipembe kabla hatujaondoka Isikilo. Sikusikia kitu."

"Ulijua? Njia nzima ulijua?"

"Nilijua. Mama alikuwa hai. Nilitaka uendeshe."

Sijui kama nimemkasirikia. Tangu hapo nimekaa hapa natazama habu zilizozibwa khanga.

Mama Bimdogo, nakuomba. Masika hana mtu mjini. Mpitie wodini.

Baba, nataka difu.

Mwanajuma


Tabora
7 Desemba 1974

Mwanangu,

Bimdogo anakwenda wodini kila siku, anapeleka uji wa ulezi. Masika anaumwa na maziwa yamejaa, hana wa kumnyonyesha. Analia, halafu anakula. Anayekula anapona.

Kuhusu mtoto, sina la kusema ambalo hujajiambia. Nakuambia hili tu: gari lilibeba watu wawili kwa kadiri ulivyojua, nawe uliendesha kwa ajili ya wawili. Nesi alifanya sawa, nawe ulifanya sawa. Usitafute kosa mahali pasipo na kosa, tutapoteza muda wa kutengeneza.

Kupanda kinyumenyume sikukufundisha kwa sababu sikupata kuwaza hilo. Nimemwambia Bimdogo anisomee mahali hapo mara mbili.

Difu imepatikana Nzega, kwenye mkweche uliopinduka. Meno yake mazima, beringi nimeikagua kwa mkono wa kushoto, haichezi. Inakuja kwa treni ya Jumanne, ndani ya gunia.

Nami nakuja nayo. Bimdogo amelia, amenuna, sasa anafunga mkeka. Masika anatoka hospitali siku hiyo hiyo, ataniegemeza mimi, nami nitamwegemeza yeye. Wanangu wa Maskati nimewaandikia kwamba kwa sasa kazi zimenibana. Safari hii ni kweli.

Tafuta kiti chenye mgongo.

Salmini


Isikilo
17 Desemba 1974

Mama Bimdogo,

Shikamoo. Najua unahesabu mpaka atakaporudi, basi nakuandikia haraka barua itangulie.

Alishuka treni akiwa amemshika Masika bega, na Masika amemshika kiuno, sijui nani alikuwa anamsaidia nani. Ndugu Lugembe alikuja na vijana wanne kutoka kijijini kwa miguu, wakavuka mbuga na kiti chenye mgongo kichwani. Ni kiti chake cha mkutano. Akamkalisha Baba chini ya paa la bohari, akasimama pembeni yake, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

Tulifanya kazi tangu asubuhi mpaka alasiri. Baba hakugusa kitu. Nilipokosea alikohoa. Nilipopatia alinyamaza. Wakati mmoja nilikaza bolti nikajiona nimemaliza, akakohoa, nikarudi kutazama, kumbe washa moja, ile pete nyembamba ya chini ya nati, ilikuwa imebaki kwenye gunia. Lugembe akacheka mpaka akakaa chini.

Tulipolishusha kwenye jeki, Baba akasema, "Twende." Nikamweka mbele. Masika nyuma na Apolinaria, amelala ubavu kwa sababu ya mshono. Lugembe na vijana wakaning'inia.

Mbuga ilikuwa na maji lakini fowili ilishika. Tukapanda ule ukingo wa upande wa pili, nikatoa fowili kwenye ukavu, tukaingia njia ya misafara, pale palipo sawa. Nikakaza mwendo. Nikatega sikio. Upepo, matairi, injini, basi.

Masika akainua kichwa nyuma. "Dada Mwanajuma."

"Naam."

"Nikishika tena mimba, nitakuja kukuambia mapema. Mwezi wa nane tu nitakuja. Utanipeleka hata kama sijaumwa."

"Nitakupeleka."

"Hata kama mvua?"

"Hata kama mvua."

Nikamgeukia Baba nimwulize kama anasikia chochote nyuma huko, mvumo wowote, hata mdogo.

Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mkono wa kushoto juu ya paja. Nikapunguza mwendo kwenye mashimo asiamke, mpaka Isikilo.

Mwanao,
Mwanajuma